Vitabu vya Kale vya Mayungiyungi na Nchi ya Uzinza

Rwamgasa, katika mkoa wa Geita, yajulikana kwa dhahabu. Atajaye jina la mahali hapo aghalabu hutaja pamoja nalo maduara, makarasha na mialo. Na katika miaka ya karibuni hutaja pia marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza, ukatupwa, kisha ukarudiwa na watu wengine kwa maarifa yaliyo bora. Wachimbaji wa kwanza huchukua dhahabu waliyoweza kuipata kwa vyombo walivyokuwa navyo. Ile iliyowaponyoka hubaki mchangani, nayo hungoja mtu wake.

Vitabu vya kale vina tabia kama hiyo. Liko fungu moja la vitabu ambalo mtu wa machimbo hawezi kudhani ya kuwa lamhusu: vitabu vya kilimo cha maua ya yungiyungi na ndugu zake, vilivyoandikwa Ulaya na katika Afrika ya Mashariki tangu mwanzo wa karne ya 19 hata katikati ya karne ya 20. Vilisomwa na mabwana na mabibi waliotaka kupamba nyumba zao. Walichukua humo walichokihitaji, kisha vikawekwa kabatini, vikauzwa kwa bei ya chini au vikaliwa na mchwa. Lakini ndani yake yamebaki mambo ambayo wasomaji wa kwanza hawakuyatafuta: njia ya msafara, mwezi wa mvua, jina la mmea katika kinywa cha mwenyeji, na sumu iliyo katika mzizi. Historia ya vitabu hivyo yaonyesha kwa nini watu wachache hujitaabisha kuvikusanya, na kwa nini kazi hiyo si mchezo wa matajiri peke yao.

Kwanza yafaa jina litengenezwe. Yungiyungi la Mswahili ni ua la majini, liotalo katika mabwawa na katika maji matulivu ya kando ya ziwa. Wataalamu huliita Nymphaea. Ua ambalo Wazungu wamelisifu tangu zamani makanisani na bustanini, ambalo kwa Kilatini huitwa Lilium, ni jingine kabisa. Kwao ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Katika Afrika yote iliyo kusini ya Sahara hakuna hata aina moja ya Lilium iotayo mwituni. Walakini wasafiri walipofika katika nchi hizi waliona maua yenye tunguu au kiazi chini ya ardhi, yenye petali sita, mazuri kupita kiasi. Nao kwa kukumbuka kwao wakayapa yote jina la ua la nyumbani.

Matatu kati ya hayo ndiyo yatajwayo zaidi katika vitabu. La kwanza ni Gloriosa, mmea utambaao na kujishika kwa ncha za majani yake, wenye ua jekundu na manjano ambalo petali zake hupinduka juu kama ndimi za moto. La pili ni Crinum, lenye tunguu kubwa na maua meupe yenye mistari ya waridi. La tatu ni lile ambalo zamani liliitwa Haemanthus na sasa huitwa Scadoxus, litokalo ardhini mara mvua za kwanza zinaponyesha, likiwa duara jekundu kama mpira wa nyuzi, aghalabu kabla majani yake hayajakunjuka.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walikutana na taabu hii ya jina. Katika Wimbo Ulio Bora walilitumia neno nyinyoro, jina la ua la tunguu lijulikanalo kwa watu wa pwani. Bali katika Injili ya Mathayo walitosheka na neno maua tu. Hawakukosea mahali popote. Mtu anayehamisha ua kutoka lugha moja hata nyingine hana budi kuchagua moja katika mambo mawili, ama kutaja ua ambalo msomaji wake amepata kuliona, ama kutaja ua kwa jumla. Waandishi wa vitabu vya bustani walichagua njia ya tatu, nayo ndiyo iliyoleta machafuko: walitaja ua lao juu ya ua la wengine.

Nchi ya Rwamgasa iliingia katika vitabu vya mimea mapema kuliko ilivyoingia katika vitabu vya dhahabu. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Unguja kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1861 walikuwa katika Unyamwezi wa kaskazini na katika Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika mkoa wa Geita. Safari haikuwa nyepesi. Wapagazi walikuwa haba, watemi walidai hongo, na Speke alishikwa na maradhi. Grant alikaa zaidi ya miezi mitatu katika Ukuni akingoja wapagazi. Na mwezi wa Septemba 1861, alipokuwa akijaribu kumfuata mwenzake, msafara wake ulinyang'anywa mali katika nchi ya mtemi Myonga. Baadaye alifika Karagwe, akaugua mguu, akakaa huko katika ufalme wa Rumanika mpaka mwezi wa Aprili 1862.

Lakini ngojea hiyo yote haikupotea bure. Grant alichuma mimea, akaikausha kati ya karatasi, akaandika mahali ilipoota na yale aliyoambiwa juu ya matumizi yake. Mimea hiyo ilifika katika bustani ya serikali ya Kew, karibu na London, na habari zake zikachapishwa kati ya mwaka 1872 na 1875 katika juzuu ya 29 ya maandiko ya Chama cha Linnaeus. Kazi ya kuitambua ilisimamiwa na Daniel Oliver, na sehemu ya mimea ya jamii ya mayungi ilifanywa na John Gilbert Baker, mtu ambaye hapana mwingine wa zama zake aliyemshinda katika elimu ya maua ya tunguu.

Jambo moja halina budi kusemwa hapa. Lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili. Kiongozi wa watu wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa mjuzi wa njia na wa maneno. Na kila swali ambalo Grant aliwauliza wenyeji juu ya mti au mzizi lilipita katika vinywa vya watu wa namna yake. Hivyo elimu ya mimea ya Uzinza ilipita kwanza katika Kiswahili, ikaingia Kiingereza, ikatulia katika Kilatini. Vituo viwili vya mwisho vina vitabu vyake. Kituo cha kwanza, ambacho ndicho kilichobeba mzigo, hakikuachiwa kitabu.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa na wazimu wa mayungi. Mapema katika karne hiyo, kati ya mwaka 1802 na 1816, mchoraji Pierre-Joseph Redouté alikuwa ametoa katika Paris majuzuu 8 ya picha za mayungi na jamaa zake, chini ya ufadhili wa Malkia Joséphine. Kati ya mwaka 1877 na 1880 Henry John Elwes alitoa katika Uingereza kitabu kikubwa mno juu ya Lilium peke yake, chenye picha zilizochorwa na Walter Hood Fitch. Mwaka 1901 Gertrude Jekyll akawaandikia wenye bustani za kawaida, akawafundisha kupanda mayungi pasipo fahari nyingi. Mwaka 1925 Ernest Henry Wilson akaandika juu ya mayungi ya Asia ya Mashariki. Naye alikuwa amelipa kwa mwili wake, maana mwaka 1910 poromoko la mawe lilimvunja mguu huko Uchina alipokuwa akikusanya matunguu.

Afrika ya Mashariki ilitia sehemu yake katika wazimu huo. Katika Unguja, balozi wa Kiingereza John Kirk alikuwa daktari na mjuzi wa mimea. Alipeleka Kew mbegu na matunguu mengi. Mwaka 1880 gazeti la mimea la Curtis, lililoanzishwa mwaka 1787, lilitoa picha ya ua jipya la Crinum, na Baker akalipa jina la Kirk. Mwaka 1903 ua la Gloriosa lililotoka Uganda likapewa jina la Rothschild, tajiri aliyelikuza katika nyumba yake ya vioo huko Tring. Msomaji wa leo aona upesi desturi iliyofuatwa: ua lilipata jina la balozi au la tajiri, bali mtu aliyeinama kulichimba hakuandikwa.

Wajerumani walikuja na utaratibu wao. Franz Stuhlmann alifuatana na Emin Pasha katika safari iliyotoka Bagamoyo mwaka 1890, wakafika Ziwa Viktoria na kuanzisha kituo cha Bukoba mwezi wa Novemba mwaka huo. Mimea aliyoichuma Stuhlmann ilipelekwa Berlin. Huko Adolf Engler aliitumia, pamoja na ile ya wasafiri wengine, katika kitabu chake kikubwa juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki na nchi jirani, kilichotolewa mwaka 1895. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya kilimo na elimu ya viumbe ya Amani, katika milima ya Usambara, yenye bustani za majaribio na maktaba. Na tangu mwaka 1905 taasisi hiyo ikawa na gazeti lake la wakulima.

Basi ukafika usiku ambao thamani ya vitabu hivyo iligeuka kabisa. Mwanzoni mwa Machi 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa iliteketea pamoja na maktaba. Mimea iliyochumwa kandokando ya Ziwa Viktoria miaka zaidi ya 50 kabla yake ikawa majivu, isipokuwa nakala zilizokuwa zimekwisha kupelekwa katika majumba mengine. Tangu siku ile maelezo ya Engler, ambayo yalikuwa kivuli cha kitu kilichoweza kushikwa kwa mkono, yakawa kwa mimea mingi ushahidi pekee uliosalia. Nakala ya kitabu iliyonunuliwa na mlowezi fulani, ikasahauliwa katika sanduku, ilipata cheo ambacho mchapaji hakukikusudia. Hili ndilo jibu la kwanza kwa mtu aulizaye faida ya kukusanya vitabu vikuukuu: hakuna ajuaye ni lini nakala yake itageuka kuwa asili.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nchi iliingia katika mikono ya Waingereza, na vitabu vikabadilika tena. Shinyanga ilipata wataalamu wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, na pamoja naye alikuwamo B. D. Burtt, mjuzi wa mimea ambaye aliitembea miombo na mbuga za nchi hiyo kuliko mgeni ye yote wa zama zake. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Juni 1938. Maandishi ya Burtt juu ya jamii za mimea ya Afrika ya Mashariki yalitolewa mwaka 1942, yeye akiwa kaburini. Mkusanyaji apatapo andiko hilo ana mkononi picha ya nchi ya Shinyanga na jirani zake kama ilivyokuwa kabla ya wingi wa watu, mashamba ya pamba na machimbo ya leo.

Katika miaka hiyohiyo kilitokea kitabu cha bustani kilicho mashuhuri kuliko vyote katika nchi hizi. Kilihaririwa na A. J. Jex-Blake, daktari wa Nairobi, kikaandikwa na wanachama wa chama cha bustani cha Kenya pamoja na watumishi wa serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1934 na la nne mwaka 1957. Joy Adamson, aliyejulikana baadaye kwa habari za simba wake, alikuwa miongoni mwa waliokipamba kwa picha. Kwa upande wa visiwani, mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Na huko Amani P. J. Greenway alitunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya kitaalamu, ambayo toleo lake la pili ni la mwaka 1940.

Waandishi hao wa Afrika ya Mashariki walikuwa na kazi ambayo Jekyll na Elwes hawakuwa nayo. Vitabu vya Uingereza hufundisha ya kuwa tunguu lipandwe majani ya miti yanapopukutika, lilale wakati wa theluji, liamke jua linaporudi. Maagizo hayo hayana maana katika nchi isiyo na theluji. Hapa kinacholilaza tunguu ni kiu wala si baridi. Katika nchi ya Geita mimea hii hulala tangu Juni mpaka Septemba, wakati wa kiangazi, nayo huamka mvua zinapoanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Mtu aliyefuata kitabu cha London neno kwa neno alilimwagia maji tunguu lililolala, likaoza. Kwa sababu hiyo kitabu cha Nairobi kilikuwa zaidi ya kitabu cha maua. Kilikuwa jaribio la kuandika upya kalenda ya elimu, kutoka majira manne ya Ulaya kwenda katika mvua na kiangazi. Aliyejua kalenda hiyo tangu zamani ni mkulima mwenyeji, bali yeye hakuulizwa aiandike.

Wako wasemao ya kuwa elimu ya kisasa imevifuta vitabu hivi. Ni kweli kwamba mwaka 1952 ilianzishwa kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, nayo ikatimizwa mwaka 2012, baada ya miaka 60. Ni kweli pia kwamba mayungi ya zamani yamegawanywa. Gloriosa haihesabiwi tena katika ukoo wa Lilium. Haemanthus wa nchi hizi alihamishiwa jina la Scadoxus na wataalamu Friis na Nordal mwaka 1976, na Nordal huyohuyo ndiye aliyeandika mwaka 1982 sehemu ya ukoo huo katika kazi ile kubwa. Majina matatu manne ya Gloriosa, pamoja na lile la Rothschild, yameunganishwa kuwa moja, Gloriosa superba, ambalo ndilo alilolitoa Linnaeus mwaka 1753.

Lakini majina yaliyobadilika ndiyo sababu ya kuvitunza vitabu, wala si sababu ya kuvitupa. Habari iliyoandikwa chini ya jina la kale haihamii yenyewe chini ya jina jipya; hubaki pale ilipo mpaka mtu aifuate. Na katika habari za Gloriosa kosa laweza kuua. Kiazi chake kina kolchisini, sumu kali. Dawa itokanayo na kolchisini hutibu ugonjwa wa jongo, tena kwa kipimo kidogo sana, na katika jimbo la Tamil Nadu nchini India wakulima huipanda Gloriosa kwa ajili ya mbegu zake zinunuliwazo na watengenezaji wa dawa. Lakini kiazi chake hufanana na viazi viliwavyo, na katika nchi za Asia wamekufa watu waliokila kwa kudhani ni chakula. Asomaye katika kitabu kimoja sifa za ua la Rothschild, na katika kingine sumu ya Gloriosa superba, asijue ya kuwa hayo mawili ni mmea mmoja, amesoma nusu ya habari. Na nusu aliyoikosa ndiyo iliyo na mauti.

Jambo hili ni zito zaidi katika Geita kwa sababu ya historia ya watu wake. Wazinza ndio waliokuwako Grant alipopita. Katika miaka ya 1950 Wasukuma wengi walivuka kuja Geita kutafuta ardhi ya kulima na malisho. Baadaye dhahabu ikaleta watu wa kila kabila. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 mpaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000; wachimbaji wadogo nao wameenea tangu Rwamgasa mpaka vijiji vya mbali. Kijana anayekua leo karibu na mwalo huongea Kiswahili na rafiki zake, na kwa mmea mmoja huweza kusikia jina la Kizinza kwa jirani, jina la Kisukuma kwa nyanya yake, au asisikie jina lo lote. Mmea usio na jina hauwezi kukatazwa wala kusifiwa. Husemwa tu ya kuwa ni majani.

Tena ardhi yenyewe haikai. Tunguu la mayungi haya huishi karibu na uso wa nchi, katika udongo ule ambao mchimbaji huuondoa kwanza kabla hajafikia mwamba. Miti ya miombo hukatwa ili kuegemeza kuta za duara. Mbegu ya Gloriosa huhitaji miaka kadhaa kabla haijatoa ua lake la kwanza, na duara jipya huchimbwa kwa siku chache. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilianzisha mradi wa zebaki katika nchi sita, na Rwamgasa ilikuwa mahali palipochunguzwa katika Tanzania. Wataalamu walipima zebaki katika udongo, maji, samaki na miili ya watu. Kazi hiyo ilistahili kufanywa, kwa kuwa uhai wa watu hutangulia. Lakini kipimo cha sumu iliyoingia si orodha ya mimea iliyotoka. Orodha hiyo, kwa sehemu iliyo ya kale, imo katika vitabu vinavyozungumzwa hapa.

Sasa yafaa kutazama kazi ya mkusanyaji. Kukusanya si kurundika. Mkusanyaji mwenye akili hutazama kwanza toleo na mwaka, maana toleo la 1934 na la 1957 la kitabu kimoja si kitu kimoja: kati yake kuna mimea iliyoongezwa, majina yaliyofutwa na maagizo yaliyosahihishwa kwa uzoefu. Hutazama pili alama za wasomaji. Maneno yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni, kwamba ua fulani lilichanua tarehe fulani baada ya mvua fulani, huweza kuwa na faida kuliko ukurasa wenyewe, maana hayo ni habari za hali ya hewa zilizotunzwa na mtu asiyejua ya kuwa anazitunza. Mfanyabiashara hufuta alama hizo ili kitabu kionekane kipya, na mkusanyaji anunuaye kilichofutwa hununua gamba.

Tatu, hutazama kama kitabu ni kizima. Biashara ya picha imeviua vitabu vingi vya mayungi. Kitabu cha Redouté au cha Elwes hufunguliwa kwa kisu, picha zake zikauzwa moja moja za kutundikwa ukutani, na maneno yakatupwa. Picha iliyotengwa na maneno yake ni ua lililokatwa: hupendeza siku chache, lakini halina mzizi wala mbegu. Nne, hupigana na maadui wa karatasi. Vitabu vya tangu katikati ya karne ya 19 vilichapwa kwa wingi juu ya karatasi ya mti yenye asidi, ambayo hugeuka rangi ya kahawia na kuvunjika kama jani kavu. Joto na unyevu huharakisha kifo hicho. Mchwa na nondo humaliza kazi. Rafu isiyogusa ukuta, hewa inayopita, na kivuli, ndizo dawa za maskini na tajiri sawasawa.

Yupo atakayesema ya kuwa taabu hii imekwisha tangu vyombo vya kisasa vilipokuja. Tangu mwaka 2006 maktaba kubwa za elimu ya viumbe zimeungana kuweka vitabu vyao vya kale katika mtandao, na mtu aliyekaa Rwamgasa akiwa na simu aweza kutazama pasipo malipo picha ambazo zamani zilitazamwa na malkia. Hiyo ni neema isiyo na kifani. Walakini iliyo wazi zaidi ni ile hazina ya kale iliyokwisha kutoka katika haki za wachapaji. Vitabu vya katikati ya karne ya 20, ambavyo ndivyo vilivyoandikwa hapa na vilivyojua mvua za hapa, vingi bado havimo. Tena mtandao hautoi alama za pembeni za msomaji wa Mwanza au Tabora; hutoa nakala ya maktaba ya mbali, safi, isiyopata kunusa vumbi la nchi hii.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, si wa karatasi wala wa simu. Ni wa lugha. Vitabu vyote vilivyotajwa viliandikwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza na Kilatini. Kamusi ya Greenway yaanza na neno la Kiswahili, lakini maelezo yake yamwendea msomaji wa Kiingereza. Na jina moja la pwani huweza kuwa la mimea miwili mitatu, wala halimsaidii mtu wa bara ambaye hajapata kulisikia. Mswahili mwenyewe hakuwa mgeni katika mambo ya maua. Neno bustani lilimfikia kutoka Uajemi pamoja na maana yake ya mahali pa harufu nzuri. Asumini, mrehani, kilua na mkadi vimo katika ndoa zake na katika tungo zake. Lakini maarifa hayo yalikaa katika mikono ya akina mama waliotunga vikuba na katika vinywa vya waganga, hayakukaa katika kitabu cha kupandia.

Kwa hiyo mkusanyaji wa vitabu hivi katika nchi ya Geita ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya kuokoa karatasi. Ya pili, iliyo ngumu na yenye faida zaidi, ni kuchukua kitabu mkononi na kwenda nacho kwa wazee, Wazinza na Wasukuma, mwezi wa Novemba matunguu yanapoamka. Kuwaonyesha picha na mmea wenyewe. Kuandika jina walitajalo, kijiji, mwezi, matumizi na makatazo. Kisha kuyatoa hayo kwa Kiswahili ambacho mtoto wa shule ya Rwamgasa aweza kukisoma. Grant aliuliza maswali hayo mwaka 1861 na majibu yakaenda London. Wazee wawezao kuyajibu tena ni wachache, na kila kiangazi huwapunguza. Vitabu vyaweza kungoja katika rafu iliyo kavu, wao hawawezi.